Samaki wa Mwenye Shimo

Kuna Jumamosi moja ambayo sijaisahau, mwanangu, na sitaki kuisahau, ingawa niliaibika mbele ya watu. Nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa kioski cha loto, karibu na depo za madini hapa Kolwezi, noti zangu zimekunjwa mfukoni. Nikahisi mkono begani. Nilipogeuka nikamkuta Tata Muteba, mzee ambaye muda si mrefu nilitakiwa kumpelekea mahari ya binti yake Ngalula. Hakuniamkia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Kalonji, shimo yako iko wapi? Kuya unioneshe."

Nitakueleza kwa nini aliniuliza hivyo, lakini kwanza hiyo simu iweke chini. Najua kinachokuwasha humo ndani. Jana niliwaona ninyi vijana wa avenyu yetu mmejikusanya ukutani, kila mmoja anaweka pesa yake juu ya timu ya nchi asiyoweza kuionyesha kwenye ramani, na ni juma hili hili ambalo bei ya kobalti imeanguka tena. Sikushangaa. Nilijisemea, hawa wamerithi kila kitu changu isipokuwa magoti mabaya.

Mimi ni mtoto wa Wakasai. Babu yangu aliletwa huku kwa treni aje kufanya kazi ya mgodi, baba yangu akaifanya baada yake, na zamu yangu ilipofika kazi yenyewe ilikuwa imekwisha. Basi wengi wa rika langu tulichukua nyundo na beleshi tukapanda kilimani kujichimbia. Rafiki yangu mkubwa kwenye timu yetu alikuwa Djipe, kijana aliyetoka Sandoa, mcheshi, mwenye mdomo usiojua kufungwa.

Kilimani kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote na kila mtu aliijua. Shimo ni la aliyelifungua, maadamu analifanyia kazi. Akiliacha likae bila mtu, wengine wanaweza kuingia, wala hakuna atakayewaita wezi. Ila wakiipata filoni, yaani ule mshipa wenyewe wa madini, humpelekea aliyelifungua kitu, hata kidogo, kwa heshima ya jasho lake. Tuliiita sehemu ya mwenye shimo.

Shimo letu la kwanza tulilichimba kiangazi kizima. Udongo mwekundu, mawe, udongo tena. Njaa ikatuzidi, tukaliacha, tukaenda Fungurume kupakia mifuko kwenye malori ya watu. Tuliporudi tulikuta timu nyingine iko ndani. Walikuwa wameongeza kina kisichozidi urefu wa mkono wangu, mwanangu, mkono huu unaouona, wakaikuta filoni nyeusi, nzito, nzuri mpaka unataka kuibusu. Lori la kuibeba lilikuwa limesimama pale ukingoni. Nikaishika kwa macho namba ya lile lori, na hata leo ukiniamsha usingizini nitakutajia. Walitupa sehemu ya mwenye shimo, mfuko mmoja. Tukashukuru kwa midomo.

Niliumia. Niliumia kuliko nilivyoumia baba yangu alipoachishwa kazi. Nikaapa kwamba sitaacha shimo tena maishani mwangu, hata nile majani. Mvumilivu hula mbivu, ndivyo nilivyojiambia kila asubuhi. Na lilikuwa somo zuri, silikatai hata sasa. Kasoro ni mahali nilikolipeleka.

Maana haukupita muda, karibu na depo pakafunguliwa kioski cha loto. Mwenyewe aliitwa Mama Odia, mwanamke mwema, simsemi vibaya. Juma zima watu walinunua tiketi, Jumamosi alasiri namba zilisomwa redioni, naye akaziandika ukutani kwa chaki. Pesa ya kushinda ilikuwa kama sufuria moja: ukishinda peke yako unakula yote, mkishinda wengi mnagawana. Mimi nikachagua zile namba za lori. Nilicheka nilipozichagua. Nilisema, filoni yangu ilibebwa na namba hizi, basi na zinirudishie.

Hazikutoka. Juma la pili hazikutoka pia. Hapo ndipo ujinga wangu ulipopata akili, na ujinga wenye akili ndio mbaya. Nikafikiri hivi: nimeshatia pesa humu, nimeshachimba. Nikiziacha namba hizi leo, kesho atakuja mtu mwingine, ataongeza kina cha mkono mmoja, ataipata filoni, nami nitasimama tena ukingoni nikisoma namba za lori. Unaona? Mtu wa bahari asingekosea hivyo, wala mkulima wa Kasaji. Ni kosa la mchimba shimo. Namba zikawa shimo langu, na mimi sikuwa mtu wa kuacha shimo.

Djipe alinipa jina, PDG wa namba. PDG ndivyo tunavyomwita mkubwa wa shimo, yule anayelisha timu. Watu walicheka, nami nikajiona mkubwa kweli.

Kisha bei ikaanguka. Sijui kule mbali kulitokea nini. Wanunuzi walituambia kwamba dunia imejaa kobalti, wakafuta ubao wa depo, wakaandika bei mpya, na juma lililofuata wakaifuta na hiyo. Ungedhani watu wenye pesa kidogo wangepunguza kucheza. Mimi pia ningedhani hivyo. Lakini bei ilipokuwa nzuri tulikipita kioski cha Mama Odia bila kugeuza shingo, tukienda zetu kunywa. Bei ilipokuwa mbaya, mstari wake ulifika hadi barabarani. Mtu akiona kwamba hata akichimba mpaka jioni mfuko hautamtosha kwa chakula, anaona afadhali ajaribu mahali ambapo angalau panatajwa utajiri. Mama Odia aliijua hali hiyo kuliko sisi. Siku moja, akipanga tiketi zake, alituambia bila ubaya wowote:

"Depo ikilia, kioski inacheka. Mi sikufanya vile, bana yangu. Nilikuta paka iko vile." Yaani aliikuta hivyo tu.

Mtu wa komini, serikali yetu ya mji, naye alipita kuchukua kodi, akasema loto inajenga mji. Hakusema uongo. Soko letu lilipata mabati mapya kutokana na kodi hiyo, na Ngalula aliuza mikate ya mafuta chini ya mabati hayo hayo. Siku moja mvua ilipiga juu tukawa hatusikilizani. Ilipotulia aliinua macho, akayatazama mabati yote kutoka mwanzo hadi mwisho, akaniuliza:

"Kalonji, mu hii mabati yote, ya kwako njo gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kugeuza mikate yake.

Alikuwa na sababu ya kutocheka. Mimi na wachimbaji wenzangu tulikuwa na likelemba, ule mchango ambao kila juma kila mtu anatoa kidogo na mmoja anapewa chote, kwa zamu. Haba na haba hujaza kibaba. Zamu yangu ilipangwa ifike kabla ya siku ya mahari. Tata Muteba alikwisha kuitangaza siku hiyo kwa ndugu zake, wengine walikuwa wakitoka mbali, na kulikuwa na mwanamume mwingine, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, aliyekuwa akiulizia habari za Ngalula kwa adabu kubwa. Nami nilikuwa nimeanza kuruka michango. Juma hili nitatoa nusu, juma lijalo nitafidia. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Sheria ya likelemba haina huruma na ni vizuri haina: anayeruka michango hapewi zamu. Ngalula aliponiuliza, nilimweleza habari za shimo, kwamba mtu haachi shimo alilokwisha kulichimba. Nadhani nilimweleza vizuri sana, kwa sababu alikwenda kumweleza baba yake neno kwa neno.

Basi ndiyo Jumamosi yetu hiyo. Tata Muteba akanishika mkono, akanitoa mstarini. Djipe alijificha nyuma ya mtu mnene. Nilidhani mzee atanitukana pale pale, lakini alianza kutembea kuelekea kilimani, nami nikamfuata. Alikuwa na mguu mbaya, na kilima kile si cha mtu mwenye mguu mbaya. Alipumzika mara kwa mara, akajifuta jasho. Afadhali angenitukana.

Tulipofika kwenye shimo ambalo timu yangu ilikuwa ikilichimba siku hizo, aliegemea fimbo, akachungulia ndani.

"Jana mulifika wapi?"

"Pale chini ya ule muti wa mwisho, tata." Nilimwonyesha mti tulioutia kushikilia ukuta usiporomoke.

"Na leo asubui mulianzia wapi?"

"Palepale."

"Na siku ya kwanza mutaanzia wapi?" Siku ya kwanza kwetu ni Jumatatu.

"Pale tulifikia leo, tata."

"Bon. Sasa kule kwa kioski. Juma ilipita ulifika wapi? Na leo ulikuwa unaanzia wapi?"

Nilifungua mdomo. Nikasema namba haziwezi kukosa siku zote, kwamba iko siku itafika.

"Sikukuuliza siku," akasema. "Nakuuliza shimo. Ulikuwa unaanzia wapi?"

Nilitazama chini, nikaona udongo tu na viatu vyangu.

"Juu, tata," nikasema. "Paka juu."

"Paka juu. Kila siku ya posho banafukia, na weye unaanza tena paka juu. Ile haiko shimo, Kalonji."

Siku ya posho ndivyo wazee wetu walivyoiita Jumamosi, tangu zama za mgao wa unga. Akakaa juu ya jiwe, akaunyoosha mguu wake. Nilidhani amemaliza. Kumbe bado.

"Mi nilifanyaka kazi ya pompe mu mugodi, miaka yangu yote. Maji ya chini, pompe inavuta leo, kesho inarudia. Ile kazi haibakishe kitu, mi naijua. Lakini mi balinilipaka. Kila mwezi balinilipaka, na unga juu yake. Weye unafanya kazi ya pompe, na weye tena njo unalipa."

Mwanangu, nimepigwa na jiwe kichwani, nimeanguka kutoka kwenye ngazi ya kamba, nimekimbizwa na walinzi. Maneno yale yaliniuma zaidi, kwa sababu hayakuwa na tusi la kukasirikia. Yalikuwa kweli tu. Nililia kidogo, naye akatazama upande wa mji ili nimalize.

Kabla hatujateremka aliongeza jambo moja. Alisema siku ya mahari anaweza kuisogeza mara moja tu, hadi baada ya mvua, na ndugu zake atawaambia mguu unamsumbua. Kisha akasema: "Na usikuye na mbuzi ya loto. Hata ukishinda. Mbuzi ya loto ikiingia mu lupango yangu, mu kiwanja ya nyumba yangu, mutoto yangu ataishi na kile kioski mpaka kufa."

Moyoni nilisema, mzee huyu anaringa. Nani anakataa mbuzi?

Jioni hiyo hiyo niliwaendea wenzangu wa likelemba. Niliwaambia nimechezea michango yangu, nikaomba wanirudishe mwisho wa zamu na nilipe kwanza nilichoruka. Walinisema sana, kila mmoja kwa zamu, kama vile maneno nayo ni likelemba. Lakini walinirudisha. Asiyejua kuomba msamaha kwa watu wazima wenzake hajakua, hata awe na ndevu hadi kifuani.

Nilipotulia nilielewa kitu kingine ambacho hakuna aliyenifundisha. Kila Jumatatu asubuhi depo zilitupa bei mbaya kuliko Ijumaa. Nilidhani ni mambo ya huko mbali. Huenda mengine yalikuwa ya huko mbali, lakini si yote. Mnunuzi alikuwa na dirisha, na dirisha lake lilitazama kioski. Jumamosi aliuona mstari. Jumatatu alijua kwamba tuliosimama mbele yake na mifuko hatuna hata unga nyumbani, na mtu asiye na unga nyumbani hawezi kusema, basi narudi na mfuko wangu, nitangoja. Tulicheza kwa sababu bei ilianguka, na kwa kuwa tumecheza, bei ya kwetu ikaanguka zaidi. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sisi tuliingia na kujifukia pia.

Sasa sikiliza, kwa maana hapa ndipo wazee wengi wanaotoa nasaha hudanganya.

Djipe, kwa mdomo wake ule, aliitangaza habari yangu kilima kizima. PDG wa namba ameacha shimo! Alitania tu, lakini unajua sheria ya kilima. Shimo limeachwa, limeshachimbwa muda mrefu, limebaki kina cha mkono mmoja. Lo! Wachimbaji wakaziingia namba zangu kama maji. Watu wa mashimo ya jirani, watu wa upande wa pili wa kilima, hata walinzi. Mama Odia aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kuona watu wengi namna ile wakiandika namba zile zile. Wote walifanya kosa langu lile lile, na kila mmoja alidhani analifanya peke yake.

Na namba zikatoka.

Ndiyo. Usinitazame hivyo. Namba zangu za lori zilitoka, juma la kwanza tu baada ya mimi kuziacha. Nilikuwa mbele ya depo, nimekalia mfuko wangu, niliposikia kelele upande wa kioski. Djipe alikuja mbio, akanisimamia, akashindwa kusema, na nikajua. Niliukumbuka mkono wangu na kina kile cha shimo la kwanza. Nilimchukia Tata Muteba, nikamchukia Ngalula kwa kumwambia, nikamchukia hata marehemu babu yangu kwa kupanda treni. Sikuficha uso. Nililia mbele ya wanunuzi, na hao hawakutazama upande wa mji.

Siku iliyofuata walikwenda kuchukua pesa yao. Sufuria ilikuwa moja na vijiko vilikuwa vingi. Walipogawana, kila mmoja alipata kiasi cha kula na kunywa jioni moja, na wale walioweka pesa nyingi kwa uchu hawakurudisha hata walichoweka. Kukawa na kelele, wakamtuhumu Mama Odia kwamba ameficha fedha. Hakuficha kitu. Hesabu ndiyo ilivyo.

Jioni Djipe alinijia na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na samaki wa chumvi, yule tunayemwita bitoyo, mmoja, wa ukubwa wa kati.

"Sheria ni sheria, mukubwa," akasema. Wala hakutania, mwanangu, hilo ndilo lililonimaliza. "Bote balisema tukuletee. Sehemu ya mwenye shimo."

Nikampokea samaki wangu. Sikuweza kumla peke yangu, nilikuwa na aibu naye. Nikampeleka kwa kina Ngalula. Mama yake alimpika na nyanya, bukari, ugali wetu, ikaletwa, Tata Muteba akanawa mikono. Alipomega kipande cha kwanza akaniuliza samaki anatoka wapi. Ningeweza kusema sokoni. Nikamwambia yote: namba, kilima kizima, sufuria, vijiko. Ngalula aliyekuwa akimimina maji alisimama na jagi mkononi.

Mzee aliukazia macho mkono wake wenye samaki.

"Njo filoni yako hii?"

"Njo yenyewe, tata."

Alianza kucheka polepole, halafu akacheka hadi akakohoa, hadi mkewe akampiga mgongoni. Kisha akaendelea kula. Nilimkumbusha kwamba alisema hapokei mbuzi wa loto.

"Mbuzi nilikataa," akasema, akitoa mwiba kinywani. "Samaki sikukataa."

Bei ilipanda kidogo mvua zilipokwisha. Si sana. Sisi wa likelemba tuliweza kuzuia mifuko yetu tukaingoja, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na unga, na Jumatatu tulikuwa na uwezo wa kumwambia mnunuzi narudi na mfuko wangu. Zamu yangu ikafika. Nilimpelekea Tata Muteba mbuzi wake siku aliyosema, mbuzi mwembamba kiasi kwamba ndugu zake waliuliza kama ametembea kutoka Kasai kwa miguu. Lakini alipokelewa. Yule wa vipuri vya pikipiki alioa mahali pengine na bado tunasalimiana. Ngalula ndiye huyo unayemwita bibi, na kila nikisimulia habari hii hupaza sauti kutoka jikoni kwamba samaki alikuwa mdogo kuliko ninavyosema.

Kwa hiyo usije ukaniambia, babu unatushauri hivi kwa sababu namba zako hazikutoka. Zilitoka. Ningebaki mstarini ile Jumamosi na ile iliyofuata, Djipe asingepata cha kutangaza, na sufuria nzima ingekuwa yangu. Nimeligeuza jambo hilo kichwani miaka mingi na sikatai. Lakini nisingejua ni juma lipi. Zingeweza kutoka baada ya Ngalula kwenda kwa mwenye vipuri, au baada ya mimi kuzikwa. Siku ile nilipozipanga namba zangu kwa mara ya kwanza na siku nilipoziacha, zilikuwa umbali ule ule na filoni. Sikuwa nimesogea hata upana wa ukucha. Na Kalonji huyo ambaye angeipata sufuria nzima bila kuchimba, je, angeacha kioski? Wewe ungeacha?

Nasaha yangu ni hii, mwanangu, na ichukue jinsi ilivyo. Uvumilivu ni mali, lakini usiupande mahali pasipoota. Kabla hujasema siachi, jiulize lile swali la mtu wa pompe: jana nilifika wapi, na leo naanzia wapi? Kazi ukiikuta pale ulipoiachia jana, hata iwe ngumu, hata iwe na njaa, ng'ang'ania. Kujifunza kuchomelea kunabaki mkononi. Shule inabaki, likelemba inabaki, jina jema kwa wakwe linabaki. Kitu kinachokurudisha juu kila Jumamosi kiache, na atakayekuja kukiingia baada yako mwache aingie. Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Na bei ikianguka, hapo ndipo ufunge mfuko kwa mafundo mawili, kwa sababu siku hiyo ndiyo wenye madirisha wanakutazama kujua kama nyumbani kuna unga. Sikuambii usiwe na tamaa ya kutajirika. Mimi mwenyewe bado ninayo, na magoti haya. Nakuambia ujue ni nani anayelipwa na ni nani anayelipa.

Sasa ichukue simu yako, nimemaliza, fanya utakavyo. Ila kabla hujaondoka inamisha kichwa nikuwekee mkono. Mungu aliyeficha mali ndani ya mawe ya kwetu akupe shimo linalobaki na kina chake, akupe wenzako wa kulishuka nawe na wa kukuvuta juu, na siku nyumba yako itakapokuwa na samaki, ujue ametoka wapi, na umle bila aibu. Haya. Nenda ukamwambie bibi yako alete maji ya kunawa.